Shahada Mbili kwa Safari Moja

Katika nyumba za askari wa Kasese na Bwera, mtoto akifaulu hisabati na fizikia, uhandisi hutajwa mapema. Siku hizi vijana wengine hutaja pia mpango wa kusomea shahada ya kwanza na ya uzamili kwa mfululizo, bila kupumzika katikati. Yafaa mzazi auelewe mpango huo kabla ya kuweka rehani shamba la kahawa.

Desturi ya Uganda ni kutenganisha hatua hizo mbili. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako Kitivo cha Teknolojia kilianzishwa mwaka 1970, mwanafunzi husomea uhandisi miaka 4, akapata shahada ya kwanza. Akitaka uzamili huomba upya, na kwa kawaida huchukua miaka 2 mingine. Uingereza kuna vyuo vinavyofikisha mwanafunzi kwenye uzamili wa uhandisi kwa miaka 4 mfululizo. Marekani, vyuo kadhaa huhesabu baadhi ya masomo katika shahada zote mbili, safari yote ikaisha kwa miaka 5. Akiba ya muda, basi, ni ya kweli.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Chukua mfano wa konstebo wa Bwera mwenye watoto watatu shuleni. Mkubwa amefika mwaka wa nne wa mpango wa miaka 5. Mama anaugua, na karo inakatika. Je, kijana atarudi nyumbani na shahada ya kwanza, au mikono mitupu? Vyuo havifanani. Kwingine cheti cha kwanza hutolewa njiani, kwingine vyeti vyote hungoja mwisho. Swali hilo liulizwe, na jibu lipatikane kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote. Mzazi akumbuke pia kwamba mikopo ya serikali ya elimu ya juu, iliyoanza mwaka 2014, ilikusudiwa stashahada na shahada ya kwanza. Mzigo wa uzamili huangukia mshahara wa nyumbani, na wadogo zake kijana huyo nao wanangoja zamu yao.

Jambo la pili ni kwamba uzamili hauchukui nafasi ya kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutazama pia uzoefu wa mtu kazini, si vyeti peke yake. Mkazi wa Kasese hana haja ya mfano wa mbali. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukashusha majabali kutoka Rwenzori, ukabomoa makazi na madaraja. Mafuriko ya 2020 yaliiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Daraja lililopigiwa hesabu ya maji matupu haliwezi kusimama mahali ambapo maji huja na mawe. Kijana aliyefanya kazi mwaka mmoja au miwili kwenye kingo hizo, akapima kina na kuona kile mto unachobeba, hurudi chuoni na swali lake mwenyewe, na uzamili wake huwa na kazi ya kufanya. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Haina maana kwamba mpango wa mfululizo ni mbaya. Humfaa kijana anayekusudia ualimu wa chuo kikuu au utafiti, mwenye ufadhili uliothibitishwa hadi mwisho, na ambaye likizo zake hutumika katika karakana na maeneo ya ujenzi. Asiye na ufadhili huo na atwae shahada ya kwanza, aajiriwe, asaidie karo ya mdogo wake, kisha arudi. Atachelewa miaka michache, lakini hakuna mwezi mmoja wa dhiki nyumbani utakaomnyang'anya alichokwisha kukipata.