Homa Bay na Migori zinahitaji wanasosholojia

Matokeo ya KCSE yakitangazwa, mashauriano ya familia nyingi katika kaunti za Homa Bay na Migori huwa ya aina moja. Mwenye A aende udaktari, mwenye B+ ajaribu uhandisi au sheria, na aliyefika C+ kwa tabu asomee ualimu. Mtoto anayetaja sosholojia huulizwa swali moja tu: utaandikwa wapi?

Swali hilo ni halali. Karo hutokana na ng'ombe aliyeuzwa au mkopo wa chama, na mzazi ana haki ya kujua jasho lake linaelekea wapi. Ila jibu limetapakaa mbele ya macho yake, kuanzia ufuoni hadi mpakani Isebania.

Alfajiri, mashua za omena zinaporudi Sori, Muhuru Bay au Mbita, wanawake huwa wamekwisha kujipanga na mabeseni. Wanunuzi ni wengi, samaki wamepungua, na mashua karibu zote ni za wanaume. Katika hali hiyo ndipo jaboya ilipostawi: mwanamke hupata omena wa kuuza kwa kukubali uhusiano wa kimapenzi na mvuvi. Kwa miaka mingi wanawake hao wamehubiriwa kana kwamba shida ni tabia zao. Mwanasosholojia huanza kwingine. Huuliza mashua ni ya nani, nyavu zimenunuliwa kwa pesa za nani, na kwa nini mjane mwenye watoto hapati mkopo. Mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, waliunda kundi la No Sex for Fish na kuanza kumiliki mashua zao, wakawaajiri wanaume kuvua. Mizani ya mamlaka ikageuka bila mahubiri. Mafuriko ya 2020 yaliwafukuza wengi wao makwao, na hilo nalo ni somo: anayetaka kumwondoa mwanamke katika jaboya lazima ajue pia atakula nini maji yakipanda.

Au tuchukue Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori wanaishi na virusi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Dawa zilifika mapema, kwani shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kuzitoa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Kinga ndiyo iliyokuwa na mlima wa kupanda. Desemba 2006, majaribio yaliyofanywa Kisumu kwa wanaume 2,784 yalisitishwa mapema kwa sababu yalikwisha kuonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Lakini Wajaluo kwa desturi hawatahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Daktari mwenye kisu peke yake asingefika popote.

Kilichofungua njia ni kazi iliyotangulia. Watafiti walikaa na wazee, vijana, wanawake na wauguzi wa Nyanza, wakauliza nini kingekubalika na nini kinatisha. Wakaambiwa kuhusu maumivu, gharama, na siku za kazi ambazo mtu angepoteza. Mpango wa serikali ulipoanza 2008, wazee wa Baraza la Wajaluo walishauriwa, na Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, akajitokeza hadharani kuuunga mkono. Huduma zilipelekwa karibu na watu, hata nyakati za usiku, na mamia ya maelfu ya wanaume wakajitokeza. Hiyo ni kazi ya kisosholojia iliyookoa maisha, iwe walioifanya waliitwa wanasosholojia au la.

Kule Kuria, katika kaunti ya Migori, mambo hayajafika huko. Sheria ya 2011 inaharamisha ukeketaji, na bado likizo ya Desemba ikifika wasichana hukeketwa, wengine wakivushwa hadi Tarime, Tanzania. Polisi anaweza kumkamata ngariba. Hawezi kumweleza hakimu jinsi neno la wazee wa ukoo, ng'ombe wa mahari na hofu ya msichana kudharauliwa ukweni vinavyoshikana.

Inauma kwamba kitabu kinachosifika sana kuhusu pesa za eneo hili kiliandikwa na mgeni. Mmarekani Parker Shipton, mwanaanthropolojia, alichapisha *Bitter Money* mwaka 1989, akieleza kwa nini Wajaluo waliona pesa za dhahabu, tumbaku au shamba lililouzwa kuwa chungu, zisizofaa kulipia mahari. Dhahabu bado inachimbwa Macalder, huko Nyatike. Kijana wa Nyatike, anayekijua Kijaluo na kuwajua wachimbaji, ndiye anayepaswa kuandika kinachofuata.

Kazi zipo, ingawa hazitoshi: afisa wa watoto, afisa wa probesheni, afisa wa maendeleo ya jamii, mtafiti wa afya. Shahada ya kukariri maandishi ya mhadhiri haitampa mtu hata moja kati ya hizo. Anayechagua sosholojia asome takwimu kwa bidii, ajifunze kuhoji watu bila kuwatisha, na aitunze lugha ya mama. Vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya viko mwendo mfupi kutoka fuo na migodi hiyo. Viwapeleke wanafunzi huko kwa miezi, si kwa ziara ya siku moja. Nazo serikali za kaunti, ambazo mipango yao ya maendeleo ya miaka mitano inaishia 2027, zitenge nafasi za vijana hawa kabla ya kuandika ijayo, ili ukurasa unaohusu wavuvi uandikwe na mtu aliyewahi kukesha nao ziwani.