Tumshike Mgeni Mkono Hadi Steji

Ndugu zangu wa Komarock, wito huu ni wetu sote: abiria wa matatu ya alfajiri, makanga anayening'inia mlangoni, mwalimu wa udereva, mama mboga wa pale steji. Majirani zetu wapya, wakimbizi, wanahitaji msaada usiotugharimu hata nauli, nao ni kuonyeshwa njia.

Wakimbizi si wageni kwetu. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wameishi nasi Kayole na Komarock miaka mingi. Wametushonea vitenge na kutusuka nywele, na watoto wao wamekaa dawati moja na wetu. Vita vya mashariki mwa Kongo havijaisha: Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu wangali wanakimbia.

Anayefika sasa huanza kutatizwa na barabara yenyewe. Kongo, Rwanda na Burundi magari hupita kulia. Sisi hupita kushoto. Mama aliyezoea kuvuka kwa kutazama kushoto kwanza anafika Kangundo Road, anatazama kushoto, anaona kweupe, anatia mguu, kumbe boda boda inamjia kutoka kulia. Akitaka matatu ya mjini, anasimama ng'ambo, maana kwao huko ndiko kungekuwa upande wa kwenda mjini. Anapanda, anatulia, anashtukia yuko Ruai na sarafu za kurudi hana.

Basi ukimwona anababaika, mvushe. Mtajie nauli kabla hajapanda, na umwambie kuwa mvua ikinyesha nauli hupanda. Makanga, akikuambia anakwenda Hospitali ya Mama Lucy, usingoje apige kelele mkishapita. Mkumbuke, mshushe panapofaa, umpe chenji yake yote.

Kuna pia wale waliokuja na ujuzi wa usukani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la dereva ni leseni. Mwanamume aliyeendesha lori miaka mingi huko Kivu anashinda nyumbani hapa mtaani, au anaendesha boda boda akijificha kila aonapo polisi. Anayeumia si yeye peke yake. Abiria aliyembeba yuko hatarini pia.

Sheria haijamfungia mlango. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inataka kitambulisho cha mkimbizi kipewe uzito usiopungua ule wa kadi ya mgeni yeyote aliyesajiliwa nchini. Wenye shule za udereva, tafadhali, akija na kadi hiyo msimfukuze kwa kuwa hamjaizoea. Mpokeeni, mwelewesheni ule ubao wa mji wa mfano unaotumika kwenye mtihani, na mkazanie mambo ya upande wa kushoto, hasa kwenye mizunguko. Mwambieni mapema kuwa boda boda ya abiria inahitaji kundi A3, na kwamba kuendesha matatu kuna masharti zaidi, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka DCI.

Vijana wetu wanaoijua simu vizuri, kaeni naye afungue akaunti ya eCitizen na alipe ada za NTSA humo humo. Akikwama, mpelekeni Huduma Centre ya Makadara. Yule jamaa anayeahidi leseni bila mtihani mkimbieni, kwa sababu karatasi ya bandia itamponza mkimbizi kuliko itakavyomponza mwenyeji.

Aliyefika juzi na hajasajiliwa asianzie kwenye leseni. Sheria inampa siku 30 kujitambulisha kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, kwa hiyo safari ya kwanza ya kumsindikiza iwe hiyo. Akitatizwa kisheria, shirika la Kituo cha Sheria limetetea wakimbizi kwa muda mrefu. Ni hilo lililokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 ikazuia mpango wa kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini.

Viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya wakazi, tangazeni jambo hili wikendi hii na mchague watu wachache wa kuwasindikiza wageni. Wewe uliyesoma hadi hapa, mwulize jirani yako mpya Jumatatu anakwenda wapi. Njia yenu ikiwa moja, tokeni pamoja.