Geti Lililochakaa ni Deni la Aliyeonywa



Katika daftari la mihtasari ya vikao vya kamati ya msikiti wetu, hapa Moshi, liko neno ambalo mimi katibu nimeliandika mara nyingi kuliko jingine lolote: "limepokelewa". Mwezi wa Shaabani mlinzi wetu alileta taarifa kwamba geti kubwa la kusukuma linalia, na kwamba linatikisika likifika mwisho wa reli. Nikaandika: limepokelewa. Mwezi wa Shawwal akarudi na kusema kuwa kile kipande cha chuma kinachozuia geti lisipitilize kimekatika. Nikaandika: limepokelewa. Katika kikao cha Muharram hakuja mwenyewe, alimtuma mwalimu wa madrasa. Jambo lake likaingizwa chini ya "mengineyo", na adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Msomaji anajua nilichoandika.

Jumamosi moja ya mwezi huohuo, baada ya swala ya Alasiri, geti lile lilisukumwa likapitiliza mwisho wa reli, likachomoka katika vishikizo vyake vya juu na kuangukia ndani ya ua. Watoto wa madrasa walikuwa darasani. Tulihitajika wanaume wanane kuliinua, na chini yake tulikuta ndala zao, kwa kuwa baraza ya darasa inapakana na geti, na hapo ndipo wanapovua viatu. Tuliziokota moja moja, na mlinzi akazipanga juu ya ngazi. Hakutulaumu kwa neno lolote. Robo saa baadaye watoto wangetoka kuzifuata.

Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo napenda tuulizane sote: aliyeambiwa kuwa kitu chake kinaweza kudhuru, akanyamaza, yuko upande gani wa jambo hilo?

Wanazuoni wa zamani hawakuwa na mageti ya reli, ila walikuwa na kuta zinazoinamia njia za watu. Katika vitabu vya fiqhi mna mjadala maalumu juu ya ukuta ulioinama. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walieleza kwamba mwenye ukuta wa namna hiyo akitakiwa auondoe au autengeneze, mashahidi wakawepo ili jambo lisije likakanwa, naye akapata muda wa kutosha asifanye kitu, basi ukianguka na kudhuru, dhamana ni yake. Kabla ya kuambiwa, hukumu si hiyo. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu huku Afrika Mashariki tunayafuata, ilitazamwa zaidi namna ukuta ulivyojengwa tangu awali, kama uliinamishwa njiani na mjenzi au uliinama wenyewe baadaye, na hapo pana hitilafu. Sikusudii kutoa fatwa. Masheikh wapo na waulizwe. Ninachochukua katika mjadala huo ni jambo moja, kwamba onyo hubadilisha hali ya mtu. Kabla ya onyo alikuwa mwenye ukuta, na baada yake amekuwa mwenye deni. Nami daftari langu lilikuwa shahidi juu yangu mara tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mwezi uliofuata tulisafiri kwenda Tanga kwa shughuli ya familia ya mke wangu, kupitia Same, Mombo na Korogwe hadi pwani. Huenda kama si tukio la msikitini nisingeyaona niliyoyaona huko. Nyumba ni ya zamani, iliyojengwa Chumbageni na marehemu babu yake mke wangu, na upepo wa bahari huifikia. Ina gereji yenye mlango wa kunyanyua juu, ila hakuna gari tena. Mjukuu mmoja anauzia vitumbua humo kila asubuhi, na watoto wa jirani hujipanga mlangoni na visahani vyao. Mlango ule ulikuwa umeegemezwa kwa gongo la mwarobaini.

"Shangazi, gongo hili limekaa hapa tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Nyumba si yangu peke yangu. Nikitengeneza, wataniuliza nimefanya kwa idhini ya nani. Nisipotengeneza, hakuna anayeniuliza."

Warithi ni tisa, baadhi wako Dar es Salaam na wawili wako Muscat. Nyumba haijagawanywa. Kila mmoja ana hisa yake katika kuta, na hakuna aliyeona kuwa ana hisa katika kutu.

Tulimwita fundi, mzee aliyezoea milango ya namna ile. Aliutazama bila kuugusa, kisha akatutaka sote tutoke chini yake. "Mlango huu, ustadhi, haunyanyuliwi na mkono," akaniambia. "Unanyanyuliwa na springi. Mkono unaomba tu." Akanieleza kuwa springi ndizo zinazobeba uzito wa mlango, na ndiyo maana hata mtoto huweza kuupandisha. Springi moja ikikatika, uzito uliokuwa umebebwa hurudi wote kwa ghafla juu ya aliye chini.

Springi ya mlango wa gereji ina umri wake. Ya kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya mizunguko 10,000 hivi, kufungua na kufunga vikihesabiwa mzunguko mmoja. Mlango unaofunguliwa mara 4 kwa siku huifikia hesabu hiyo katika muda wa miaka 7 takriban. Hiyo ni hesabu ya kazi peke yake, na pwani chumvi huipunguza. Chumvi inayokuja na upepo huganda juu ya chuma na kuvuta unyevu wa hewani, hivyo chuma hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na kwa sababu hiyo bawaba hukaza, beringi hujaa, na waya wa kupandishia mlango huanza kukatika uzi mmoja mmoja kwa ndani, pasipoonekana.

Fundi akatuonyesha kitu kingine. Springi ya kushoto ilikwishakatika siku za nyuma, na mtu akaiunganisha kwa kuchomelea. "Hii ndiyo inayoua," akasema. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa namna kilivyopikwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo. Springi iliyokatika haiungwi. Hubadilishwa, tena hubadilishwa zote mbili pamoja, kwa kuwa zimefanya kazi sawa na umri wao ni mmoja. Na kwa springi za kuvutika zilizo pembeni ya mlango, fundi mwema hupitisha waya wa usalama katikati yake, ili ikikatika isiruke na kumpiga mtu.

Usiku ule mke wangu aliyaandika maneno ya fundi katika kundi la simu la warithi, akataja tarehe, akaweka na picha ya gongo. Aliwaandikia ndugu zake kwa adabu kwamba kuanzia sasa hakuna atakayesema hakujua. Kwa kawaida gharama ya kuihifadhi mali ya ushirika huwaangukia washirika kwa kadiri ya hisa zao, na jambo hilo halisubiri nyumba igawanywe. Wapo waliotuma siku ileile, na wapo ambao hadi leo hawajajibu. Kilichopatikana kilitosha springi mbili, nyaya, magurudumu na bolti. Gongo la mwarobaini shangazi amelifanya kuni.

Nimerudi Moshi, na napenda kuwaambia wenzangu wa huku mlimani tusijione tumesalimika kwa kuwa bahari iko mbali. Sisi tuna mvua za masika na ukungu wa miteremko, na tuna vumbi ambalo likichanganyika na maji huwa tope la kusaga chuma. Matope na majani ya migomba huingia katika reli za mageti yetu, na gurudumu hupanda juu yake badala ya kupita. Zaidi ya hayo, wengi wetu kuanzia Old Moshi na Kibosho hadi Marangu tumejenga penye mteremko. Reli isipokuwa sawasawa, geti la kusukuma hutembea lenyewe likiachiwa, na geti la bawaba hujifungua au kujibamiza kwa uzito wake. Geti la chuma lenye upana wa mita 4 huweza kupita kilo 200. Ndicho kitu kizito kuliko vyote vinavyotembea nyumbani, nasi tumewaachia watoto wakibembee.

Basi, ndugu msomaji, nayaweka hapa yale ambayo mwenye nyumba anaweza kuyakagua mwenyewe, watoto wakiwa mbali.

Kwanza, lisukume geti polepole hadi mwisho wa kila upande. Lazima likutane na kizuizi imara kilichochimbiwa chini au kuungwa vizuri katika nguzo. Jiwe halitoshi, na tofali halitoshi. Msikitini kwetu lilikuwapo jiwe.

Pili, tazama vishikizo vya juu vinavyolifanya geti lisimame wima. Litikise kidogo kwa mkono mmoja ukiwa umesimama pembeni, si mbele yake wala nyuma. Likiyumba, lisiguswe tena mpaka fundi afike. Na gari lililogonga geti, hata kidogo, ni sababu tosha ya kukagua upya.

Tatu, tazama magurudumu ya chini. Lililolika upande mmoja au linaloburuzwa bila kuzunguka limekwisha. Grisi hupakwa ndani ya beringi. Reli husafishwa tu. Ile desturi ya kumwaga oili chafu juu ya reli hukamata vumbi na kuharakisha ulaji.

Nne, kwa geti la bawaba, angalia kama upande wa mbele umeshuka na kukwaruza chini. Mara nyingi pini ya bawaba ndiyo iliyolika, au nguzo imeanza kuachia. Wengi hukata chini ya geti ili lipite. Hilo huondoa sauti na kuacha ubovu mahali pake.

Tano, kwa wenye mlango wa gereji wa kunyanyua: ikiwa springi na nyaya zinaonekana nzima, unyanyue hadi nusu, pasiwepo mtu chini yake, kisha punguza nguvu ya mkono kidogo kidogo. Ulio mzima hubaki pale ulipo. Ukianza kushuka, uteremshe taratibu, uufunge na umwite fundi. Mlango ambao springi yake imekatika usijaribiwe kabisa. Springi iliyokazwa isifunguliwe na mtu wa nyumbani, wala na fundi asiyeifahamu kazi hiyo. Amepewa mtu mkono mmoja wa kuume na mmoja wa kushoto, na hakuna vipuri vyake.

Kwa wenye nyumba za pwani nina nyongeza mbili nilizopewa na mzee yule wa Tanga. Osheni bawaba na reli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha zikikauka mzipake mafuta. Na mnunuapo bawaba za chuma kisichoshika kutu, nunueni na bolti za aina hiyohiyo, kwa maana bolti za chuma cha kawaida zikikutanishwa nazo katika hewa ya chumvi, ndizo huliwa kwanza, na bawaba nzuri hubaki haina kinachoishika.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Tumezoea kuufikiria mwiba au ganda la ndizi. Geti letu nalo linasimama njiani, na mpita njia, mgeni, mtoto wa jirani na mwuza maziwa wanalipita kwa kutuamini sisi wenye kulimiliki. Hawakukagua bawaba zetu. Imani yao hiyo ni amana.

Kwa upande wetu, geti la msikiti limetengenezwa. Magurudumu mapya, vishikizo vipya, na kizuizi cha chuma kilichomiminiwa zege kila upande vilitugharimu chini ya makusanyo ya Ijumaa moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: fedha ilikuwepo tangu Shaabani. Kamati imekubali pia pendekezo langu dogo kuhusu daftari. Taarifa yoyote ya kitu kinachoweza kumdhuru mtu haiandikwi tena "limepokelewa". Huandikwa jina la atakayeshughulikia na tarehe ya mwisho, na kikao kinachofuata hufunguliwa kwa jambo hilo kabla ya mengine yote.

Nyumbani hakuna katibu wala daftari, lakini maonyo yanatolewa kila siku. Mke amesema geti linalia. Mtoto amesema mlango ulimponyoka. Mpangaji amepiga simu kuhusu bawaba. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwulize aliye karibu nawe ni kitu gani alikwishakuambia mara mbili. Kisha toka nje, kabla ya giza, ukakitazame.

Wabillahi tawfiq.