Chemchemi ya barabarani imegeuzwa ya kuoshea magari



Nina dukuduku lililonikaa kooni tangu mwezi uliopita. Nikisema kooni nina maana ya koo lenyewe, maana lilianza na funda la maji.

Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile. Ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule. Hujafika hata Soni, masikio yameshaziba na watoto wameanza kutapika. Ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa na desturi ya kusimama penye chemchemi moja iliyo kando ya barabara. Maji hutoka chini ya mwamba, yakakusanyika kwenye kisanduku cha saruji chenye mfuniko, kisha yakamwagika kwa bomba fupi. Injini inapoa, abiria wananawa uso, mwenye dumu anajaza. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa akishuka na mapeasi kwenda kuuza Mombo, hakupita pale bila kutua tenga lake na kukinga viganja. Kufua nguo karibu na maji yale ulikuwa mwiko, na kukata mti ulio juu yake vilevile. Sikumbuki mtu aliyeuvunja.

Mwezi uliopita nilikuwa napanda kwenda msibani. Basi dogo likasimama palepale, nikafurahi. Kumbe hatukusimamishwa tunywe. Dereva alitaka gari lioshwe. Vijana wanne walikuwa kazini, pikipiki sita zimepangwa foleni, povu linatiririka hadi kwenye lami. Mfuniko wa kisanduku umevunjwa nusu ili upitishwe mpira wa mashine ya kuvuta maji, na mashine yenyewe, inayotumia petroli, imeegeshwa juu ya nusu iliyobaki. Pembeni kuna bango linalotuhimiza tutunze vyanzo vya maji. Matambara ya kufutia magari yalikuwa yameanikwa juu yake.

Mama mmoja alikuwa amesimama na ndoo akingoja mashine izimwe, kwa sababu ikiwaka bomba halitoi hata tone. Nilikinga kiganja baada yake. Maji yalikuwa baridi kama zamani, ila yalinuka petroli. Nikayatema. Yule mama alinitazama, akajitwika ndoo yake, akaenda. Yeye hana pa kutemea. Hayo ndiyo ya kupikia.

Sina ugomvi na vijana wale. Wanatafuta riziki, na mmoja wao aliniambia kistaarabu kabisa, “Mzee, tuonyeshe pengine penye maji tuhame.” Wala sisi abiria si watakatifu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini chupa zimebaki, na mtaro wa pale umejaa chupa tulizozirusha sisi wenyewe kupitia madirishani.

Kinachoniudhi ni ofisi. Nilianzia kijijini, nikaambiwa chemchemi imo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo niwaone watu wa barabara. Hao wakasema wao wanahusika na lami na mitaro, maji yana wenyewe. Kwa wenyewe nikapewa kiti, nikasikilizwa vizuri, kisha nikaelezwa kwamba chanzo hakijaunganishwa na mradi wowote, hivyo hakimo kwenye daftari lao. Nilipotaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na zile mita 60 za kando ya maji zisizoruhusiwa shughuli za kuharibu mazingira, ofisa mmoja akanisahihisha: kifungu kinataja mto, ziwa, bahari na bwawa, chemchemi haimo. Nikamuuliza mto unaanzia wapi. Akacheka, akaniomba nirudi wiki inayofuata.

Jambo hili si la watu wa kona ile peke yao. Maji ya upande huu wa Usambara huteremka hadi mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani. Njiani kuna mboga zinazomwagiliwa na mifugo inayonyweshwa. Sabuni na oili ya pale juu haviishii pale juu.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Mfuniko mmoja wa saruji wenye kufuli, ufunguo ukae kwa serikali ya kijiji. Bomba la pili literemshwe mpaka penye uwazi chini ya kona, vijana wapewe sehemu hiyo ya kuoshea, pawe na shimo la kuchuja oili kabla maji hayajafika kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu eneo la chanzo kutangazwa kuwa eneo tengefu, basi litangazwe. Na kwanza kabisa, ofisi hizo tatu zikutane siku moja palepale kwenye chemchemi, kila mkubwa aje na kikombe chake.

Jumapili iliyopita nilipita tena nikishuka. Wiki niliyoambiwa nirudi imeshapita mara tatu, mashine bado iko juu ya kisanduku, na pikipiki siku hiyo zilikuwa tisa.

Wako,
Msomaji, Lushoto