Tusililie Mashine Kabla ya Siki

Mama mkubwa alitoka damu tangu palizi ya pamba hadi mavuno kabla ya mtu yeyote kumwangalia mlango wa kizazi. Alipofikishwa mjini, cha kwanza kuagizwa kilikuwa skani. Ng'ombe wawili wakauzwa mnadani. Picha ikasema kile ambacho daktari alikwisha kukigundua kwa kidole: saratani imesambaa. Wakati huo kinyama alichokatwa kilikaa wiki saba kikisubiri majibu, na bila majibu hayo hakuna wa kumwanzishia mionzi.

Nasoma uzamili wa uchumi wa afya. Kila nikirudi Kambarage naulizwa: "Na sisi tutaletewa lini ile mashine kubwa?" Jibu langu huwaudhi wengi.

Sikatai picha. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa skani ya PET kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ilishusha upasuaji usio na faida kutoka asilimia 41 hadi 21. Hapo fedha ilifanya kazi, kwa sababu picha ilibadili uamuzi. Isipobadili uamuzi, umenunua picha ya ukutani.

Tena PET si mashine tu. Sukari yenye mionzi anayochomwa mgonjwa hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Itengenezwe Dar es Salaam, ipandishwe basi la Shinyanga: likifika Chalinze, nusu imekwisha.

Siki haiishi njiani. Mumbai, katika utafiti wa wanawake wapatao 150,000, wahudumu waliofundishwa kazi hiyo waliwapima wanawake mlango wa kizazi kwa siki, na vifo vya saratani hiyo vikapungua kwa asilimia 31.

Najua nitakachoambiwa: maskini wapewe siki, matajiri wapewe picha? Hapana. Ukanda unaochimba dhahabu Geita na almasi Mwadui unastahili vyote. Ninachobishania ni foleni: kwanza siki katika kila zahanati, chanjo ya HPV kwa kila binti, na mtaalamu wa patholojia wa kusoma kinyama kwa siku, si kwa miezi. Kisha mashine.

Mama mkubwa alifariki kabla zamu yake ya mionzi haijafika. Bahasha ya picha bado iko juu ya kabati. Ng'ombe hawakurudi.