Pickup Yako, Hesabu Yangu

Mwezi huu tuyaache mambo ya harusi, tuongelee kitu kinachowagombanisha wapenzi wengi hapa Dodoma: mzigo kwenye pickup. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia huku, vijana wenye ajira wamekuwa wakijenga. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, kote ni tofali na simtank. Na kila mwanaume mwenye double cabin anaamini gari lake halina mwisho.

Lina mwisho, kaka yangu. Tafuta kile kibati cha kiwandani, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango, au fungua kitabu cha gari. Utaona uzito wa juu kabisa wa gari na vyote vilivyomo. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho chako.

Marafiki zangu wawili, wanandoa wapya, walitaka kupeleka saruji na mbao kwa wakwe Babati, na tela juu. Mke, ambaye ni mhasibu (si unawajua wahasibu!), akatoa simu akapiga hesabu. Gari mwisho kilo 3,000, tupu 2,000. Imebaki tani moja. Watu watano, 350. Bampa la chuma na kava la nyuma, 100. Tela likiwa na kilo 1,500, karibu asilimia 10 inakandamiza ndoano, na hiyo nayo inahesabiwa kwenye gari: 150. Zikabaki 400, yaani mifuko minane ya saruji. Shemeji alikuwa ameshanunua ishirini.

“Fundi ameniongezea springi,” akajitetea. Sawa, springi zitazuia gari lisichuchumae nyuma, lakini ekseli, breki na chasisi ni zilezile. Simtank la lita 1,000 likijaa ni tani nzima peke yake, na maji yanacheza kwenye kona.

Wengi wanadhani uzito ni habari ya malori kwa sababu mizani ya Nala haiwahusu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Sheria hiyo inalinda barabara. Breki zako unazilinda mwenyewe.

Ndipo dada akauliza swali lililomaliza ubishi: “Hili tela lina breki?” Halikuwa nazo. Kwa pickup nyingi, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, hata kama tangazo la gari linajisifu kuvuta tani tatu. Hebu fikiria tani moja na nusu ikikusukuma kwenye mteremko wa milima ya Kolo, breki zimeshachemka, watoto wamelala nyuma.

Saruji na mbao zikapanda Fuso. Wao wakaenda na pickup tupu, nasikia shemeji alinuna mpaka Kondoa.