Kwa Sababu ya Udhaifu wa Baadhi ya Watu



Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, lipo pendekezo ambalo huingia katika mabaraza ya wazee kwa sauti ya upole. Husemwa kwamba, ili amani idumu, afadhali washirika wa kabila hili wapewe saa yao ya ibada, wazee wao na sadaka yao, na wale wa kabila lile vivyo hivyo. Wanaolileta hutuhakikishia kwamba hawana chuki na mtu. Wanawahurumia tu walio dhaifu, wasioweza bado kuketi karibu na jirani ambaye kura yake haikufanana na yao.

Sisi tulio wa urithi wa Matengenezo tungepaswa kushtuka kuliko Wakristo wote tusikiapo habari za udhaifu huo, kwa maana kanisa la nasaba yetu lilikwisha kuutumia kama hoja, na matunda yake ulimwengu wote uliyaona.

Mwaka 1829, katika Rasi ya Tumaini Jema, Kanisa la Reformed la Kiholanzi lilitakiwa kuamua kama washirika wasio wazungu waweza kuikaribia Meza ya Bwana pamoja na wazungu. Jibu lilikuwa wazi: Meza ni moja, wala rangi haina hesabu hapo, kwa kuwa ndivyo lifundishavyo Neno la Mungu. Lakini mwaka 1857 Sinodi ya kanisa lilo hilo ililirudia jambo hili. Wala haikulikana fundisho la kwanza! Ilikiri tena kwamba ni vema, na ni sawasawa na Maandiko, waongofu kupokelewa katika makusanyiko yaliyopo. Ila, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, ikaruhusu wapewe haki zao za Kikristo katika jengo la peke yao.

Neno hilo dogo, ila, lilikula fundisho lote. Mwaka 1881 waongofu walikwisha kuundiwa kanisa zima la pembeni. Katika karne ya ishirini wakatokea wanatheolojia waliofundisha kwamba utengano si udhaifu tena, bali ni mapenzi ya Muumba. Na serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948 ilipoanza kuandika sheria za ubaguzi, ilikuta mabenchi ya kanisa yamekwisha kugawanywa zamani. Mchungaji Beyers Naudé, aliyekuwa mtu wa heshima katika kanisa hilo, alipopinga, ilimbidi kuiacha mimbari yake mwaka 1963, na tangu 1977 serikali ikamfunga mdomo kwa miaka saba.

Ilichukua hadi mwaka 1982 ndipo Muungano wa Makanisa ya Reformed Duniani, uliokutana Ottawa, ukatamka kwamba ubaguzi ni dhambi na kuutetea kwa theolojia ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu. Mwaka huo huo lile kanisa la pembeni likaandika Ungamo la Belhar, likalipitisha rasmi mwaka 1986. Waliotengwa mezani ndio waliokuja kuwafundisha waliowatenga maana ya kanisa moja.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Makaburu, nasi yatuhusu nini? Makaburu wenyewe walifika Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na Biblia ndani ya magari. Nao wamekwisha kuondoka. Katika nchi hiyo hiyo, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa waliteketezwa ndani yake, na waliochoma hawakuwa Makaburu. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Hatuna haki ya kuinyoshea Rasi kidole.

Hatusemi neno dhidi ya ibada ya lugha ya mama. Matengenezo yenyewe yalitaka mtu alisikie Neno kwa lugha aielewayo, na bibi asiyejua Kiswahili ana haki ya kuhubiriwa kwa Kigikuyu au kwa Kinandi. Lakini baada ya mahubiri hayo, je, rejista ni moja? Baraza la wazee ni moja? Kikombe ni kimoja? Hapo ndipo ibada ya lugha na kanisa la kabila huachana njia.

Petro naye alikuwa na walio dhaifu wa kuwahurumia. Kule Antiokia alikula na watu wa Mataifa mpaka wageni walipofika kutoka kwa Yakobo, akajitenga taratibu, na Barnaba akamfuata. Paulo hakumtafutia Petro chumba cha pili. Alimkemea mbele ya wote, kwa sababu kilichoguswa pale ni Injili yenyewe.

John Calvin, aliyetamani Meza iandaliwe Geneva kila juma asikubaliwe na watawala wa mji, aliwapa wazee kazi ya kuilinda. Kuilinda ni kumwonya na kumzuia asiyetubu, hata awe mtoaji mkubwa. Mzee akisikia mshirika hawezi kunywa pamoja na jirani yake, anaye mgonjwa wa kumtembelea. Ruhusa ya kujenga ukuta haimo katika wito wake.

Basi pendekezo likifika mezani penu, takeni liandikwe katika kumbukumbu za kikao: walio dhaifu ni akina nani, wameonywa mara ngapi, na utengano utakoma tarehe gani. Ruhusa ya 1857 haikuandikiwa tarehe ya mwisho. Makanisa mawili yaliyotengwa kwa rangi, moja la machotara na moja la Waafrika, yaliungana mwaka 1994. Lile la wazungu halijaungana nayo hata leo.